Chupa za Mjomba Shija

Plastiki ikianza kuungua ina harufu tamu kidogo, kabla haijakushika koo. Jirani yangu hapa Kambarage, mjini Shinyanga, huchoma taka zake nyuma ya choo, na upepo ukigeukia kwetu naacha ninachofanya naenda kufunga dirisha. Sijawahi kumsema. Nilishajaribu ile njia nyingine inayosifiwa, nikatenga mfuko wa chupa peke yake, wa maganda peke yake, wa makaratasi peke yake, nikaipanga getini kama watoto wa gwaride. Gari la taka likaja, kijana akaibeba yote kwa mkono mmoja akairusha juu ya lundo, juu ya pampasi na manyoya ya kuku.

"Kaka, hizo nimezitenga!" nikampigia kelele.

Akanijibu bila ubaya wowote, "Dada, kule tunakokwenda ni shimo moja."

Nilirudi ndani nikakaa. Kijana wa watu hakujua amenigusa wapi, na wala si kosa lake. Mimi nimelelewa kando ya shimo moja, na mama yangu alimaliza nguvu zake kulizuia lisijae takataka. Nina tabia ya kuandika andika jioni, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na sina hakika kama ninayoyaandika yana maana kwa mtu mwingine. Hili naliandika kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, hasa mliokulia huku kwenye dhahabu. Mkiona nimekosea mahali, mnisamehe. Nilikuwa mdogo.

Tulikaa pembezoni mwa Katoro, kwenye nyumba ndefu ya vyumba vinavyotazamana, mali ya Mzee Maganga. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na duara, yaani shimo la wachimbaji, lililokuwa limetitia. Mdomo wake ulishakuwa mpana kama chumba, kingo zinabomoka, na ndani huoni kitu ila giza na vipande vya miti iliyowahi kushikilia kuta. Mjomba wangu Shija alikuwa humo. Alitoka kwetu vijijini Shinyanga kuja kuchimba, mama yangu akamfuata baadaye kuwapikia wachimbaji, na masika moja ardhi ilishuka. Wenzake walitoka. Yeye hakutoka. Nimeambiwa walichimba kumtafuta mpaka kuta zikaanza kudondoka tena, wakubwa wa duara wakasema inatosha, tukiendelea tutazika na wengine. Siwalaumu. Waliokuwepo wanasema walilia kama watoto.

Kwetu mtu anazikwa nyumbani, karibu na zizi, ndugu wote wakitupia udongo kwa mikono yao. Mjomba hakupata udongo wa mtu yeyote. Ule uliomfunika ulijidondokea wenyewe. Ndugu walipokuja kumchukua mama arudi kijijini, alikataa. Alisema, "Nitamwachaje peke yake kwenye mji wa watu?" Akapanga chumba cha mwisho kabisa, kile ambacho dirisha lake linatazama shimo, akaendelea kuuza uji na maandazi.

Mimi niliambiwa kitu kimoja tu: "Mjomba yuko chini." Sasa fikiria mtoto aliyekulia pale. Wanaume wote tuliowajua walikuwa chini. Baba za wenzangu walikuwa chini. Walishuka, wakapanda wamejaa vumbi hata kwenye kope, wakala, wakalala, wakashuka tena. Nilielewa kuwa mjomba naye yuko kazini, ila zamu yake ni ndefu.

Dhahabu ya upande ule ilipokata, wachimbaji walihamia kwingine na mji ukasogea. Vyumba vya Mzee Maganga vikajaa wauza mitumba, waendesha bodaboda, kina mama wa dagaa. Watu wanakula, wanafua, wanazaa. Taka zikatafuta pa kwenda. Gari la taka lilikuwa linaishia kwenye lami, kwetu halishuki kwa sababu ya njia, na lami ilikuwa mbali kwa mtu mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Shimo lilikuwa pale pale, halijai, halilalamiki. Mimi naomba tuwe wakweli: wangetupa wapi? Hata leo nikijiuliza sipati jibu. Lakini mama kila aliposikia kitu kinabingirika kwenda chini alishtuka kama aliyepigwa yeye.

Siku aliyokwenda kwa Mzee Maganga nilikuwa nimeshika khanga yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Milembe. Uji wako wa leo umenifika mpaka magotini."

"Nimekuja kwa ajili ya lile shimo."

"Shimo lina nini? Ndiye mpangaji wangu pekee asiyenisumbua."

"Ndugu yangu yumo."

Mzee alivua kofia. Hilo nalikumbuka, na ndiyo sababu siwezi kumwandika kama mtu mbaya. Kando ya shimo kulikuwa na kilima cha mchanga uliotoka humo humo enzi za wachimbaji, mchanga wa kijivu, laini, sisi watoto tuliutelezea kwa vipande vya madumu. Mama akaonyesha kile kilima kwa kidevu. Alitaka kirudishwe ndani, mjomba apate udongo, paote majani, yaishe.

"Sikatai," mzee akasema. "Lakini nikifukia leo, kesho watamwaga juu yake. Utakuwa mlima wa uchafu badala ya shimo la uchafu. Wewe wazuie kwanza hawa wenzako. Mvua zikiisha shimo liko safi, naita vijana na makoleo, mchanga wote unaingia."

Mama akapiga goti kidogo, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mzee." Tangu siku hiyo taka za nyumba nzima zikawa zake.

Alipita mlango hadi mlango asubuhi, baada ya uji, na ndoo mbili. Maganda yalikwenda kwa mbuzi wa Mama Rehema, jirani yetu wa chumba cha pili. Majivu yalikwenda chooni. Makopo ya mafuta alimpelekea fundi sokoni anayetengeneza vibatari. Chupa za bia zilichukuliwa na wauza mafuta ya taa na asali. Salfeti zilizochanika, ile mifuko ya nailoni ya unga na sukari, zilifumuliwa, zikafuliwa, zikashonwa kuwa pazia la bafu. Kandambili mbovu tulikata sisi watoto tukapata magurudumu ya magari yetu. Nyie wenzangu mnajua, hatukuwa na jina la mambo hayo. Hakuna aliyekuja kutufundisha na hakuna aliyetupongeza. Kitu kilitumika mpaka kiishe, basi.

Chupa za maji ndizo zilizotushinda. Zilikuja na pesa ya dhahabu. Mwanaume akipata kidogo huko machimboni, hanywi tena maji ya mtungini, ananunua ya dukani, anakunywa amesimama barabarani ili aonekane, kisha anaiachia chupa idondoke bila kuitazama. Kuitupa ilikuwa sehemu ya tangazo. Chupa moja utatilia maziwa, nyingine mafuta ya taa, nyingine samli ya kumpelekea bibi. Baada ya hapo? Zilikuja nyingi kuliko vitu vya kuwekwa ndani yake.

Alikuwepo baba mmoja mwenye guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu yenye tela mbele, sisi tukimwita Chakavu kwa sababu alinunua vyuma chakavu, na siku hizo alikuwa ameanza kupokea na chupa. Lakini alikuwa na masharti. Zisiwe na vizibo. Zisiwe na karatasi. Ziwe zimeoshwa. Mama alikubali yote akiwa hajafikiria maji, maana maji yenyewe tulinunua kwa dumu. Tukawa tunaoshea chupa maji tuliyokwisha kufulia nguo. Nilikwangua karatasi kwa kucha mpaka vidole vikanata gundi, na harufu ya soda iliyochacha ikichanganyika na sabuni ya kipande mpaka leo inanifanya nisikie njaa, sijui kwa nini.

Na yale mengine? Mifuko ya rambo, betri za redio, nyembe, pampasi. Hayo hayakuwa na mtu. Mama Rehema, mwanamke wa Kigoma aliyeuza dagaa na aliyekuwa na ulimi wa kukata kamba, alimuuliza hivyo hivyo mbele ya watu.

"Mama Milembe, hizi pampasi za mjukuu wangu nikupe? Utaziunga na karanga?"

Wapangaji wakacheka. Mama naye akacheka, lakini kwa mdomo tu.

"Nipe chupa, Mama Rehema. Hizo nyingine tutafikiri."

"Tufikiri mpaka lini? Zinanuka leo."

Kwa miaka mingi nilimkumbuka Mama Rehema kama adui. Sasa nina watoto wangu, na nakiri alikuwa na haki ya kuuliza. Mama alijaribu kuchimba kijishimo nyuma ya bafu akazifukia, mbwa wakazifukua, zikazagaa mpaka mlangoni kwa Mzee Maganga. Akajaribu kuzichoma, moshi ukaingia vyumbani, mtoto wa watu akakohoa mpaka kutapika. Hakujaribu tena. Alizifunga kwenye rambo moja kubwa akazibeba kichwani mpaka kwenye lami, kila zilipojaa, na wauza chipsi wa huko wakamfukuza kwamba analeta inzi.

Kisha masika yakaja na njia ikawa tope. Chakavu hakuonekana na guta lake. Salfeti za chupa zikaanza kupangwa ndani kwetu, kwanza chini ya kitanda, halafu ukutani, halafu mpaka darini, tukawa tunaingia kwa ubavu. Jua likipiga bati mchana, chupa zilipanuka na kulia, pa, pa, pa, kama mtu anayevunja vidole vyake taratibu. Siku moja Chakavu alikuja kwa miguu, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

"Mama, nimekuja nisije nikaonekana mwongo," akasema. "Kule Mwanza wameacha kupokea. Sijui lini wataanza. Na mimi zangu zimelala nyumbani, mke wangu ananiambia nichague, yeye au chupa."

"Umechagua nini?" mama akamuuliza.

"Bado nafikiri."

Mama alimpa uji akanywa. Angeweza kukaa kwake asiseme kitu. Alikuja na tope lake lote kutuambia ukweli.

Mama Rehema alichungulia chumbani kwetu jioni hiyo, akatazama zile salfeti, akasema polepole, "Mwenzangu, umekataa jalala shimoni ukalileta kitandani."

Sasa kuna jambo langu mimi. Nilisikia watu wakizungumza kwamba chini kuna joto, kwamba mchimbaji asipopelekewa maji anaweza kuzimia. Wenzake mjomba walikuwa wakishushiwa maji kwa kamba huko kwenye maduara mapya, niliona kwa macho yangu. Mjomba Shija hakushushiwa na mtu. Na sisi tulikuwa na chupa mpaka darini. Kwa akili yangu ya wakati ule nilidhani mama anazikusanya kwa ajili yake, ila shughuli za uji zinamzidi. Basi mama akienda sokoni nilichukua chupa moja safi, nikajaza maji ya mtungini, nikafunga kizibo nguvu zangu zote, nikaenda ukingoni nikaiachia. Nilisikiliza. Ilichukua muda, kisha puf, mbali, kama mtu anayekaa kwenye gunia la pamba. Niliridhika. Alikuwa harudishi chupa, lakini hilo halikunishangaza. Hata mama, dada yake, alikuwa hawezi kutupa chupa.

Nilifanya hivyo mara kadhaa mpaka Mama Rehema aliponiona.

"Haya! Njooni! Njooni wote mshuhudie! Mama anatukaba makoo, mtoto wake mwenyewe anatupa mchana kweupe!"

Milango ikafunguka. Na mama ndiyo kwanza anaingia na kapu lake la sokoni. Aliliweka chini.

"Milembe, umetupa nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya mjomba."

Mama Rehema, aliyekuwa ameninyooshea kidole, akauliza, "Mjomba yupi?"

"Mjomba Shija. Yuko chini. Wenzake wanapelekewa."

Sikuelewa kwa nini watu wazima wote walitazama miguu yao. Mama alichuchumaa mbele yangu. Alijifuta mikono kwenye khanga, na mikono haikuwa na maji.

"Hanywi, mayu," akaniambia.

"Amekasirika?"

"Hajakasirika. Hanywi tu."

Siku nilipoelewa kwamba mjomba hatapanda siikumbuki, labda haikuwa siku moja. Ninachokumbuka ni kwamba kesho yake Mama Rehema alileta chupa zake zimekwisha kuoshwa, karatasi zimebanduliwa, akaziweka mlangoni petu bila mzaha. Wengine wakafuata. Walikuwa wanakwenda lami kwa zamu na yale mafurushi yasiyotakiwa, wakirudi wamechafuka na wamenuna, lakini walikwenda. Shimo likakaa safi. Nalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakidai sisi ni wachafu kwa asili. Wapangaji wa Mzee Maganga walimaliza masika yote wakibeba taka zao kichwani kwa ajili ya marehemu wasiyemjua.

Mvua ziliisha. Mama alinunua jamvi jipya, akasema siku ya kufukia atapika ubwabwa.

Walikuja watu wa marudio kabla ya vijana wa makoleo. Kwa mliokulia mbali na machimbo, marudio ni ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu zamani. Watu wana dawa zao sasa, wanaupitisha tena, wanapata kilichobaki, na wengine wanaurudia hata baada ya hapo. Walichota mchanga wetu kwenye beseni, wakautikisa na maji, wakaangalia chini ya beseni wakiwa wameinamiana vichwa. Mmoja akatikisa kichwa kukubali. Lori likaletwa. Njia ile ile ambayo gari la taka lilikuwa haliwezi kuipita, lori la mchanga liliipita. Waliweka mawe penye tope, wakasukuma, likapita.

Mama alimkuta Mzee Maganga amesimama anatazama makoleo yakifanya kazi.

"Mzee, si uliniahidi?"

"Mchanga ni wangu, Mama Milembe. Sijaiba."

"Hujaiba."

"Bado una kitu ndani. Wamepima wenyewe." Akavua kofia tena, akaizungusha mikononi. "Nitakuletea udongo mwingine. Udongo mzuri kuliko huu."

Mama alilitazama lile lori mpaka likajaa. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Mchanga mnaurudia mara tatu. Mtu hamkumrudia hata mara moja."

Ule udongo mwingine haukuja. Mzee aliugua baada ya hapo na mambo yake mengi yalilala, kwa hiyo sina ushahidi kwamba alitudanganya. Labda alikusudia. Lakini kwa wapangaji ahadi ilikuwa imekufa, na kubeba taka kichwani kwa ahadi iliyokufa si jambo la kumdai mtu. Rambo la kwanza lilishuka shimoni wiki hiyo hiyo. La pili nilimwona Mama Rehema mwenyewe. Alinitazama, akatazama pembeni.

Nadhani hapo ndipo nilipojifunza hii hasira niliyonayo, hasira isiyo na mtu wa kumpiga. Kila mmoja ukimgeuza ana sababu yake, na sababu ni ya kweli.

Mama alikaa siku kadhaa hauzi uji. Halafu asubuhi moja alianza kuzitoa salfeti nje. Nilidhani anakwenda kuzitupa zote kwa mkupuo, nikafurahi, maana tungepata pa kulala. Alikata chupa moja akaigeuza kuwa faneli ya kumiminia. Pale mchanga ulipokuwa umekombwa palibaki udongo mwekundu wa kawaida, usio na dhahabu, ambao hakuna aliyeutaka. Akaanza kuujaza kwenye chupa, mimi nikiushindilia kwa kijiti. Chupa ikijaa, anachimba kidogo ukingoni, anaisimika kichwa chini, kitako juu. Moja kando ya nyingine. Kwetu makaburi mengi yamezungushiwa hivyo, chupa za bia au za soda zimepangwa zikimeta. Sisi hatukuwa na za kioo. Tulikuwa na hizi.

Tulizunguka shimo lote. Jua la jioni lilipopiga vile vitako, vilitoa mwanga hafifu kama macho ya mbuzi. Mama hakusema neno kwa mtu, hakuweka kibao, hakukataza. Nadhani alikuwa amechoka kukataza. Alitaka tu ndugu yake awe na kitu.

Kesho yake dereva mmoja wa bodaboda alikuja na rambo lake mkononi, akapiga mluzi mpaka karibu, akaona zile chupa. Mluzi ukakatika. Alisimama, akavua kofia, akarudi na rambo lake. Na wengine hivyo hivyo. Mama Rehema alisimama ukingoni mikono kiunoni akasema, "Sasa umetushinda. Nani atamwaga pampasi kaburini?"

Ningependa kuishia hapo, ila si haki. Taka hazikupungua hata kiganja kimoja. Walianza kuzimwaga kwenye korongo la chini, na korongo lile hushuka kwenye lambo wanakonyweshea ng'ombe. Wafugaji walikuja kulalamika. Hatukumaliza kitu. Tulikihamisha.

Mama sasa ni mzee, anakaa nami hapa Kambarage, miguu haimbebi. Lakini chupa yoyote itakayoingia nyumbani kwangu lazima ipitie mikononi mwake. Anakaa kwenye kigoda karibu na bomba, anaosha, anabandua, anapanga kwenye salfeti. Watoto wangu wanamwona bibi ana ugonjwa wa kupenda chupa. Mimi ninajua kazi yake. Jua hupasua plastiki, na kila mwaka mvua zikikatika nabeba salfeti moja kwenda Katoro kuziba mapengo.

Safari hii nilikuta mtu. Mwanamke wa rika langu, mtandio kichwani, amechuchumaa ukingoni, anang'oa. Upande mzima ulikuwa wazi kama fizi.

"Habari za saa hizi, dada," nikamsalimu. Sikujua nianzie wapi.

"Salama, dada yangu. Karibu."

"Hizi unazipeleka wapi?"

"Siku hizi kuna mzani pale kwenye lami. Wanapokea mpaka zilizopauka."

"Unajua hapa ni mahali gani?"

"Wanasema kuna mtu alizikwa. Niliomba radhi kabla sijashika."

"Ulimwomba nani?"

Akafikiri. "Nimeomba tu. Ni wako?"

"Mjomba."

Akaacha kung'oa. Nilikuwa na maneno mengi, lakini yote yaliyokuja mdomoni yalinigeukia mimi mwenyewe. Mimi ndiye ninayewaambia majirani chupa zisitupwe. Mimi ndiye niliyelalamika miaka yote kwamba hakuna wa kuzipokea. Sasa amepatikana wa kuzipokea, njia imetengenezwa, mzani uko wazi, na mwanamke anaokota apate riziki. Nimkataze nini?

"Na udongo wake?" nikamuuliza.

"Namwaga humo humo shimoni. Sipendi kuchafua eneo la watu."

Nilifungua salfeti yangu, nikaanza kujaza na kusimika. Akanisaidia kuchimba. Wote wawili tulijua zitakaa muda gani. Tulipofika karibu na mwisho akanigusa bega kwa upole kabisa.

"Dada, usizishindilie sana basi. Udongo ukikauka ni kazi kuutoa."

Nilirudi Shinyanga na hasira yangu yote. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, mikono ndani ya ndoo, hakunisubiri hata niketi.

"Zipo?"

Nilitaka kumficha, nikashindwa. "Nyingine zimeng'olewa, mama. Wanaziuza kwenye mzani."

Aliisuuza chupa aliyokuwa ameshika, akaikung'uta, akaiinua kwenye mwanga kuangalia kama imetakata.

"Na udongo?"

"Wanaumwaga shimoni."

Mikono yake, iliyokwisha kurudi majini, ilisimama. Nilimtazama, nikajiandaa.

"Basi anafukiwa," akasema.

Jirani alikuwa amewasha taka zake, harufu imeanza kuingia, nikainuka kwenda kufunga dirisha. Nilipogeuka mama alikuwa ameirudia salfeti, anatoa zile chupa ndogo, zisizobeba udongo mwingi, moja moja na kuziweka kando.

"Safari ijayo," akaniambia, "beba zile kubwa tu."